Shimesikio zinazopokea simu na TV: mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Muuzaji akikwambia shimesikio yake, yaani kile kifaa cha kusaidia kusikia kinachovaliwa sikioni, "ina Bluetooth", usitoe hela bado. Maneno hayo yanabeba vitu vitatu visivyofanana. Kuna shimesikio ambayo Bluetooth yake ni ya kurekebishia tu: unaongeza na kupunguza sauti kwa programu ya kwenye simu, basi. Simu ikiita, utaibana sikioni kama zamani. Kuna inayoingiza sauti ya simu moja kwa moja sikioni, ila kwa simu za aina fulani tu. Na kuna inayokubali karibu simu yoyote, hata kitochi chenye Bluetooth. Kwenye boksi zote tatu utakuta alama ileile.

Na kwa nini uhangaike na kupokea sauti moja kwa moja? Kwa sababu shimesikio ya kawaida inakuza kila kilicho karibu nayo, jenereta la jirani pamoja na maneno ya mwanao. Sauti nayo hunywea kadiri inavyosafiri: msemaji akienda mbali mara mbili ya alipokuwa, nguvu ya sauti yake inashuka kama desibeli 6. Shimesikio haiwezi kuurudisha umbali huo. Inayopokea kwa mawimbi ya redio inaweza, kwa kuwa inachukua sauti pale inapotoka na kuileta sikioni bila kupita kwenye kelele za katikati.

Kabla ya yote, kapimwe

Nitapita haraka hapa, lakini usiruke. Mtu mzima anayesema "sisikii siku hizi" huenda ana nta tu iliyoziba sikio, na hilo linaisha kwa daktari siku hiyohiyo. Sikio linalotoa usaha, au lililokata kusikia ghafla ndani ya siku moja au mbili, halisubiri shimesikio. Wahi hospitali leo, maana dawa ya sikio lililozimika ghafla hufaa zaidi ikianza mapema.

Pa kuanzia pako: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi, na ile ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Ulizia daktari wa masikio, pua na koo, na upige simu au umtume mtu akuulizie siku za kliniki kabla ya kupanda basi kutoka Newala au Liwale. Ukipimwa, omba karatasi yako ya kipimo, ile yenye mistari ya sikio la kulia na la kushoto. Shimesikio hurekebishwa kwa kufuata karatasi hiyo. Vile vidude vinavyotangazwa mitandaoni kwa bei ya kutupa, vinavyokuza kila kitu sawasawa kwa kila mtu, havijui sikio lako limepoteza nini.

Wengi wanaopoteza kusikia kwa umri hupoteza kwanza sauti nyembamba: s, f, sh, t. Ndiyo maana mzee atakwambia "nasikia mnaongea, ila sielewi mnachosema". Irabu zinamfikia, konsonanti zinapotea. Jaribu mwenyewe kusema "sita" na "tisa" bila kutamka konsonanti, uone kinachobaki. Mtu wa namna hiyo ukimkuzia sauti nzima unampigia tu kelele.

Anza na simu, kisha ndiyo shimesikio

Watu wengi hufanya kinyume, wakajikuta wana shimesikio nzuri na simu isiyoitambua.

Kwa iPhone kazi ni nyepesi. Apple walitengeneza njia yao ya kuunganisha shimesikio, na za kwanza za namna hiyo ziliingia sokoni mwaka 2014. Karibu kampuni zote kubwa za shimesikio zinaikubali.

Kwa Android mambo ni vurugu kidogo. Google walitangaza njia yao, inayoitwa ASHA, mwaka 2018, na ikaingia kwenye Android 10 mwaka 2019. Lakini kuwa na Android 10, 12 au hata 14 hakutoshi, maana anayeamua kuiwasha ni mtengenezaji wa simu, na kwenye simu za bei nafuu mara nyingi haimo. Kwa hiyo simu mbili za Android ileile, moja inakubali, nyingine inakataa. Njia ya kujua: fungua Mipangilio, ingia palipo na alama ya mtu aliyenyoosha mikono, sehemu iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kisha tafuta mstari unaotaja vifaa vya kusikia. Usipouona, usikate tamaa, ila usinunue shimesikio inayotegemea ASHA.

Zipo zinazotumia Bluetooth ya kawaida, ileile ya spika na ya earphone. Phonak wamefanya hivyo tangu toleo lao la B-Direct la mwaka 2017. Hizo hukubali Tecno, Infinix, itel na hata vitochi vingi vyenye Bluetooth. Kwa mzee ambaye ana kitochi chake na hataki kubadilishiwa, mimi ningeanzia hapo. Sina undugu na kampuni yoyote. Ni hesabu tu ya simu zilizopo mifukoni mwa watu wa huku.

Njia nyingine ni kidude cha katikati, unakivaa shingoni au unakibana kwenye shati. Simu inaongea na kidude, kidude kinaongea na shimesikio. Kinafaa kwa simu yoyote yenye Bluetooth, ila ni kitu kimoja zaidi cha kuchaji, na cha kusahau nyumbani.

Utasikia pia habari za LE Audio, aina mpya ya sauti ya Bluetooth iliyotangazwa mwaka 2020, na Auracast, jina lililotoka mwaka 2022. Huu ndio mwelekeo wa mbele: sauti safi kwa betri kidogo, na ukumbi mzima kurusha sauti kwa kila mwenye kifaa. Ni jambo zuri, lakini faida ya Auracast inategemea kumbi na stendi zilizofungwa mitambo ya kurushia. Kama unapopita kila siku hapana mtambo huo, usiongeze hela kwa sababu hiyo peke yake.

Dukani au kliniki, nenda na simu yenyewe mkononi na useme: "Niunganishie hapahapa, kisha mtu anipigie." Akikuambia utaunganisha mwenyewe nyumbani, ahirisha. Muulize pia sauti yako wewe inachukuliwa na nini ukiongea na simu: na shimesikio, au na simu? Jibu lake utalihitaji mbele kidogo.

Kuunganisha mara ya kwanza

Kaa mahali patulivu, pasipo na simu wala spika nyingine zilizounganishwa. Yenye alama nyekundu ni ya sikio la kulia, yenye bluu ni ya kushoto. Huo ni utaratibu wa dunia nzima.

1. Chaji simu na shimesikio zijae, au weka betri mpya. Betri za kawaida za shimesikio hupumua hewa: ukibandua kile kikaratasi, iache wazi dakika moja hadi tano kabla ya kuifungia, ndiyo ipate nguvu.
2. Washa Bluetooth ya simu.
3. Zima shimesikio, kisha uziwashe: fungua na ufunge kijumba cha betri, au ziweke kwenye chaja na uzitoe. Kuanzia hapo zinabaki wazi kupokea simu mpya kwa dakika chache tu, kwa aina nyingi ni kama tatu. Ukichelewa, rudia.
4. Kwa iPhone, usiende kwenye orodha ya Bluetooth ya kawaida. Pitia kwenye alama ya mtu, sehemu ya vifaa vya kusikia. Kwa Android yenye ASHA, vivyo hivyo. Kwa zile za Bluetooth ya kawaida, tafuta jina lake kwenye orodha ya Bluetooth kama unavyotafuta spika.
5. Jina likitokea, liguse na ukubali. Huenda ukatakiwa kukubali mara mbili, sikio moja baada ya jingine. Usizime kioo katikati ya kazi.
6. Pakua programu ya kampuni ya shimesikio yako na uiunganishe nayo. Hapo ndipo pa kubadili mipangilio na kuona kiasi cha betri.
7. Mwambie mtu akupigie akiwa chumba kingine, asiwe mbele yako. Akiwa mbele utasoma mdomo wake na kudhani simu ndiyo inasikika.

Kazi hii mara nyingi humwangukia kijana wa nyumbani. Ukimaliza kumwekea mzee, ongea kwa sauti yako ya kawaida. Nimemwona kijana wa Mikindani akiinama sikioni kwa mjomba wake na kupaza: "Mjomba, shikamoo! Unanisikia?" Mzee akajibu, "Marahaba. Nakusikia tangu ulipokuwa mlangoni, punguza." Masikio yaliyozoea ukimya yanachoka haraka mwanzoni. Anza na saa chache kwa siku ndani ya nyumba, uongeze siku baada ya siku. Ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea tena mlio wa masufuria na wa nyayo zako mwenyewe.

Simu za kila siku

Mpigaji akipiga, mlio unakuja masikioni na unapokea kwa kubonyeza kwenye simu, au kwenye shimesikio yenyewe kama ina kitufe. Hapa ndipo lile swali la dukani lina kazi. Kama shimesikio yako inachukua na sauti yako, simu iache mfukoni uendelee kupara samaki. Kama haichukui, sauti yako inaingia kupitia simu, na ukiiacha mezani mwenzako atakusikia kama uko kisimani. Ishike usawa wa kifua, mdomo wa simu ukielekea kwako.

Usiibane simu sikioni. Wengi wanaendelea kuibana kwa mazoea, wanaishia kupata mluzi tu.

Meseji za sauti za WhatsApp zinaingia masikioni, na hii ni neema ya pekee kwa mtu ambaye familia nzima imehamia huko. Sikiliza mara ya pili kabla hujaomba kurudiwa. Ila ukisogeza simu sikioni, baadhi ya simu hudhani unataka kusikiliza kwa spika ndogo ya juu na kubadili njia, sauti ikapotea kwenye shimesikio. Iache mbali na uso.

Kwa wakala au kwenye duka la pembejeo, mtu akikutajia kiasi au namba kwa simu, mwambie aitaje tarakimu mojamoja, au aiandike kwa meseji. Hata sauti ikiwa safi, sita na tisa ni ndugu. Ukishasoma ndiyo utume hela.

Jambo moja linalowashtua watu: muziki ukipita kwenye shimesikio unasikika mwembamba, kama umetolewa ngoma na besi. Hilo si tatizo la simu. Kama kwenye sikio unavaa kile kimpira chenye matundu, besi inavujia nje. Anayependa taarabu yake kamili amwombe mtaalamu kimpira kilichoziba au moldi iliyochongwa kwa umbo la sikio lake. Gharama yake ni kwamba utaisikia sauti yako mwenyewe kama unaongea ndani ya mtungi. Kwa maongezi, chenye matundu kinatosha.

TV, na kibanda umiza

TV nyingi zenye Bluetooth hazikubali shimesikio moja kwa moja, zinatafuta spika. Dawa yake ni kiboksi cha kampuni ileile ya shimesikio yako, kinachochomekwa nyuma ya TV kwenye tundu la sauti. Kabla ya kukinunua, piga picha nyuma ya TV yako na ya king'amuzi, ujue kuna matundu gani: ya duara jekundu na jeupe, ya earphone, au lile la mwanga. Kikishafungwa, wewe unasikiliza kwa kiwango chako na wengine wanaacha sauti ya TV pale wanapoitaka wao. Ugomvi wa rimoti saa ya taarifa ya habari unapungua sana.

Mechi ya Namungo ukiwa kibanda umiza ni kazi nyingine. Mwenye kibanda hatakuruhusu uchomeke kitu kwenye mitambo yake, na huna haja. Unachohitaji ni kipaza sauti cha mbali.

Kipaza sauti cha mbali: hapa ndipo penye thamani

Kama una hela ya kitu kimoja tu cha kuongezea kwenye shimesikio, nunua hiki kabla ya kiboksi cha TV. Ni kidude kidogo, kama kibiriti hivi, cha kubana kwenye nguo ya msemaji au kuweka mezani. Anachosema kinaruka hadi masikioni mwako, uwe umekaa mstari wa mbele au wa nyuma. Phonak wana Roger, ReSound wana Multi Mic, Oticon wana ConnectClip. Kila kimoja kinaelewana na jamii yake, kwa hiyo usinunue cha kampuni nyingine kwa kuwa kimepatikana rahisi.

Mwenye iPhone na shimesikio zinazoungana nayo ana cha bure ndani ya simu: inaitwa Live Listen. Unaiwasha, unaiweka simu mbele ya msemaji, wewe unakaa mbali kidogo. Si imara kama kidude chenyewe, lakini jaribu kwanza hiyo.

Fikiria msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, siku ya mnada. Watu wamejaa chini ya mwembe au uwanjani kwenye ghala, pikipiki zinawaka na kuzima, na anayesoma bei za wanunuzi ana spika inayokoroma. Bei ya juu na ya chini zinatajwa, wakulima wanaulizwa kama wanakubali au wanakataa, na mwenye masikio mazito anaangalia jirani yake kanyoosha mkono upande gani, naye ananyoosha. Mzao wa mwaka mzima unauzwa kwa kuangalia mkono wa jirani. Kipaza cha mbali kinabadilisha hilo, ila kina taratibu zake:

Fika mapema umwone katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Msalimie, mwonyeshe kidude, mwambie kinaleta sauti masikioni tu na hakirekodi. Mtu ambaye hakujua atadhani unampeleleza, hasa kwenye mambo ya hela.

Kama msomaji anatumia maikrofoni ya kushika, mbane kidude kifuani, kama shubiri moja kutoka mdomoni. Akikataa kubanwa, kiweke mezani mbele yake. Njia ya mwisho ni kukiweka mbele ya spika, na hapo kiache umbali wa mita moja hivi. Ukikibandika kwenye spika yenyewe sauti itapasuka usielewe neno.

Kaa mahali ambapo hakuna ukuta wala lori kati yako na kidude. Miili ya watu pia inaziba mawimbi, kwa hiyo umati ukisimama ghafla sauti inaweza kukatika. Soma kwenye karatasi yake kinafika mita ngapi. Za Bluetooth ya kawaida hesabu kama kumi ndani ya umati, hata kama karatasi imeandika zaidi.

Utaratibu huohuo unafaa kwa hotuba ya Ijumaa, kwa ibada ya Jumapili na kwa mkutano wa kijiji. Msikitini mwombe imamu au mwadhini kabla ya watu kujaa, si wakati ameshapanda mimbari.

Kwa mtoto wa shule ni muhimu zaidi, maana anajifunza maneno kwa mara ya kwanza. Mwalimu avae kidude shingoni, na mtoto akae mbele, mbali na dirisha la upande wa barabara. Mwalimu ajue kukizima akitoka nje. Kuna mwalimu aliyeenda chooni nacho kikiwa kinawaka, na mwanafunzi mmoja akawa anacheka peke yake darasani. Mwanafunzi mwenzake akijibu swali, mwalimu alirudie jibu, kwa kuwa kidude kinasikia aliyekivaa tu.

Barabarani, pantoni na shambani

Sauti ya simu inapoingia sikioni, shimesikio nyingi hupunguza maikrofoni zake zenyewe ili usikie simu vizuri. Maana yake honi ya bodaboda inapungua pia. Kwenye programu kuna kipimo cha kuchanganya sauti ya nje na ya simu. Kiweke nje iwe juu. Hata hivyo, ukivuka barabara pale Mkanaledi au Mnazi Mmoja, kata muziki kabisa. Ukiendesha pikipiki, vivyo hivyo. Chini ya helmeti shimesikio hupiga mluzi na inaweza kung'oka unapoivua, basi zivue kwanza uziweke kwenye kijaluba chake.

Kwenye pantoni ya Msangamkuu upepo unavuma moja kwa moja kwenye maikrofoni. Programu nyingi zina mpangilio wa kupunguza upepo. Kama huna, geuza mgongo upande unakotoka upepo.

Mikorosho ikianza kupuliziwa salfa, shimesikio hazina kazi shambani. Unga wa salfa ni mwepesi, unaingia kwenye matundu ya maikrofoni na kuyaziba, na mashine ya kupulizia inayobebwa mgongoni ina kelele za kuharibu hata masikio yaliyobaki. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ukilazimika kupaza sauti ili usikike na mtu aliye hatua moja kutoka kwako, umeshakipita. Zifungie kwenye boksi, vaa vizibo vya masikio vya kuzuia kelele, na oga uso na masikio kabla ya kuzirudisha jioni.

Chumvi, jasho na umeme

Kinachoua vifaa hivi zaidi, tena taratibu, ni pwani ya kusini. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi mwaka mzima, halafu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei mvua zinaongeza lake. Alama ya IP68 kwenye boksi ina maana kifaa kinavumilia vumbi na maji kwa kiasi fulani. Haina maana ukaoge nacho baharini.

Kila jioni, futa kwa kitambaa kikavu, sugua matundu kwa kile kibrashi kilichokuja nacho, ukiiinamisha shimesikio chini ili uchafu udondoke badala ya kusukumwa ndani. Usitumie maji wala spiriti. Kile kichujio kidogo cha nta kwenye ncha kibadilishe kikiziba. Nusu ya shimesikio zinazodaiwa kufa zimezibwa na nta tu, kwa niliyoyaona.

Kisha zikaushe. Tafuta kopo lenye mfuniko unaobana, weka ndani punje za kukaushia unyevu, zile zinazobadilika rangi zikilowa, na ulaze shimesikio humo usiku kucha. Zenye betri za kubadilisha, toa betri kwanza uache kijumba wazi. Betri yenyewe ikilala humo itakauka na kufa mapema. Za kuchaji zikaushe saa moja au mbili baada ya kuvua, kabla ya kuziweka kwenye chaja. Mchele hauna faida, unaacha vumbi lake kwenye matundu. Usianike juani wala kuweka karibu na jiko.

Betri za kubadilisha zinatofautishwa kwa rangi: 10 ya njano, 312 ya kahawia, 13 ya machungwa, 675 ya bluu. Sauti za simu na TV zinazimaliza haraka kuliko maongezi ya kawaida, kwa hiyo hesabu akiba yako ukijumlisha hilo, na ununue za miezi michache tu maana nazo huzeeka dukani. Usizihifadhi kwenye friji. Zikitoka zinatoa jasho. Na ziwe mbali na watoto: mtoto akimeza moja, ni hospitali saa hiyohiyo, bila kusubiri dalili.

Za kuchaji zinahitaji saa tatu au nne kujaa na kwa kawaida zinamaliza siku nzima. Umeme ukikatika, chaja nyingi zinakubali powabenki au tundu la USB la sola. Kuna kasoro moja: chaja ya shimesikio inavuta umeme kidogo mno, na powabenki nyingine hudhani hakuna kilichochomekwa, zikajizima zenyewe baada ya dakika chache. Ijaribu yako mchana, uone kama inabaki inawaka kwa saa nzima, kabla hujaitegemea usiku.

Zikikataa

Sauti ya nje inasikika lakini simu haiingii: zima na uwashe Bluetooth, kisha zima na uwashe shimesikio. Bado? Angalia kama hazijajiunga na simu nyingine ya nyumbani, au na ile simu ya zamani uliyompa mtoto.

Sikio moja linapokea, jingine halipokei: karibu kila mara ni betri, au kuunganisha hakukukamilika upande huo. Ifute kwenye orodha ya simu, zote mbili, uanze upya kutoka hatua ya kwanza.

Sauti inakatika mfukoni: hamishia simu mfuko wa upande mwingine, au mfuko wa shati. Mwili wako ndio unaoziba.

Ilikuwa inafanya kazi, simu ikajisasisha usiku, asubuhi haiungani: angalia kama na programu ya shimesikio inahitaji kusasishwa, kisha futa na unganisha upya.

Kimya kabisa hata bila simu: betri, kichujio cha nta, kisha unyevu, kwa mpangilio huo. Ikiwa imekaa kwenye kopo la kukaushia usiku mzima na bado kimya, ndiyo ya fundi, na fundi wa simu wa sokoni si fundi wake. Kuifungua kunaweza kuua dhamana. Ukiituma Dar kwa basi, itoe betri, ifungie kwenye boksi lake gumu, weka ndani nakala ya karatasi ya kipimo na namba yako ya simu, na uandike kwenye karatasi kasoro yake kwa maneno kamili: inakatika lini, kwenye sikio gani, na kwa simu ya aina gani.